Koo la Mtoto na Moyo Wake

(Maneno ya mfanyakazi wa jamii kwa vikundi vya kujisaidia, Kisumu)

 Wale wa Nyakach mliotoka alfajiri, poleni na safari.

Leo tuongee juu ya koo. Ndiyo, koo! Mtoto wa miaka 5 hadi 15 akiumwa koo tunampa maji ya chumvi, au vidonge viwili vya dukani, basi. Wengine humpeleka akatwe kimeo. Kukata kimeo hakuui vijidudu hata kidogo.

Kuna vijidudu vya koo ambavyo mwili hupigana navyo, halafu wiki 2 au 3 baadaye, koo likiwa limepona, mwili huo huo huugeukia moyo. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Goti linavimba leo, kesho linatulia, maumivu yanahamia kiwiko. Mtoto anahema. Mwekee mkono kifuani akiwa usingizini: moyo unakwenda mbio kama wa mtu aliyekimbia. Mwingine mikono hurukaruka yenyewe, na shuleni anachapwa kwa utundu! Nyumbani tunasema ni chira, tunatafuta aliyevunja mwiko. Ya mila ongeeni na wazee, sina ugomvi. Lakini mtoto aende hospitali siku hiyo hiyo.

Moyo una vilango vya kupitisha damu. Ugonjwa ukirudi mara kwa mara, vilango hukakamaa. Miaka ikipita mapigo yanakwenda ovyo, damu inaganda ndani, donge likipanda kichwani kijana anapooza upande mmoja. Kurekebisha vilango ni upasuaji mkubwa. Penisilini ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma huzuia haya yote.

Aliyekwisha kuugua, na moyo umeguswa, anahitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, angalau miaka 10. Wengine maisha yote. Inauma, sikatai. Lakini shida yetu hasa ni hii: mtoto anacheza mpira, mama anasema amepona, na nauli ya kwenda Jaramogi, pale tunapoita Russia, inanunua unga. Ndiyo maana nimelileta jambo hili kwa vikundi, si kwa mama mmoja mmoja. Chama kinachonunua viti na sufuria kinaweza kutenga nauli ya mtoto mmoja kila mwezi. Mweka hazina aandike tarehe ya sindano katika kitabu kile kile cha michango, na siku ikifika mtu apite nyumbani kuulizia.

Haya, maswali. Mama pale nyuma?