Kuamsha Kinga ya Mmea: Je, Mradi Ununue Dawa Hii?



Baadhi ya kamati zimetuletea ombi kwamba mradi ununue dawa za "asidi amino" zinazosemekana kuipa mimea kinga, ili viazi na nyanya visiangamie kwa ugonjwa wa bakajani. Ombi hilo tunalielewa. Ugonjwa huo ukiingia wakati wa mvua na baridi, shamba la kijani huwa jeusi kwa siku chache. Ndio ulioleta njaa ya Ireland iliyoanza mwaka 1845, ambapo watu wapatao milioni moja walikufa. Basi kabla fedha haijatoka, tumeona vema tuelezane jambo lenyewe.

Habari ya kinga ni ya kweli. Ipo asidi amino iitwayo beta-aminobutiriki, kwa kifupi BABA. Jina litatuchekesha, lakini kazi yake si mzaha. Protini hujengwa kwa asidi amino 20, nayo BABA haimo kati ya hizo. Mwaka 1963 iliripotiwa kwamba ilipunguza ugonjwa wa kuoza mizizi ya njegere. Mwaka 1994 watafiti wakiongozwa na Yigal Cohen wa Israel walionyesha kwamba nyanya zilizonyunyiziwa BABA zilistahimili bakajani.

BABA hufanya kazi kwa kuutahadharisha mmea. Ni sawa na kijiji kilichopigiwa mbiu: sungusungu wanakesha, na mwizi akifika anakuta watu wamekwisha jipanga. Mmea uliotahadharishwa huwahi kuziba kwa ukuta mgumu pale vimelea wanapojaribu kupenya. Mwaka 2014 watafiti, akiwemo Jurriaan Ton wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walieleza ni kimeng'enya gani cha mmea kinachoipokea BABA. Kutoka 1963 hadi hapo ni miaka 51.

Lakini kijiji kinachokesha kila usiku hakilimi vizuri asubuhi. Vivyo hivyo, BABA ikizidi hudumaza mmea, na mmea uliodumaa hautoi gunia. Hii ndiyo sababu kubwa ya kubaki kwake maabara, ikiwa chombo cha kuchunguzia kinga. Mwaka 2018 watafiti walieleza kemikali ya jamii hiyohiyo, beta-homoserini, iliyoamsha kinga bila kudumaza mimea waliyoijaribu. Ni habari njema, ila majaribio ya maabara hayajawa dawa ya mkulima.

Tena, tusichanganye mambo. Chupa nyingi za madukani zilizoandikwa "asidi amino" zina asidi amino za kawaida za protini, nazo ni mbolea ya majani. Huenda zikausaidia mmea kukua, lakini si BABA, na jina hilo peke yake halithibitishi kinga yoyote dhidi ya bakajani. Kwa hapa Tanzania, muuzaji akidai kwamba bidhaa yake inazuia ugonjwa, mwulizeni usajili wake kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Asipouonyesha, fedha ya usharika isitoke.

Kwa hiyo tunapendekeza fedha iliyopo iende kwanza kwenye mbegu safi za viazi vyenye ukinzani, kama aina ya Sherekea. Ukinzani huo umo ndani ya mbegu, na mkulima hahitaji kuununua kila wiki. Pamoja na hilo, tung'oe maotea ya msimu uliopita, tuache nafasi ya hewa kati ya mistari, tukague shamba mara kwa mara wakati wa mvua, na tutumie viuatilifu vilivyosajiliwa kwa kipimo kilichoandikwa.

Kwa marafiki zetu wafadhili, tunajua kwamba mbegu na mafunzo havipendezi katika picha kama chupa mpya. Hata hivyo, mjane mwenye robo eka hana shamba la kufanyia majaribio. Akipoteza msimu mmoja, ada ya mtoto imekwenda. Utafiti tuuheshimu na tuuombee ufanikiwe. Siku utakapoleta dawa iliyosajiliwa na yenye bei ya mkulima, tutakuwa wa kwanza kuwaletea.