Simu ya Msafiri Huchaguliwa kwa Safari



Bandari yetu ya Port Bell, hapa Luzira, ni mlango wa zamani wa kutokea Uganda. Ilipewa jina la Hesketh Bell, gavana Mwingereza wa mwanzoni mwa karne iliyopita. Kuanzia 1937, ndege za Imperial Airways zinazotua majini zilikuwa zikishuka hapa ziwani, katika safari zao kati ya Southampton na Durban, zikiwa na abiria wachache na magunia ya barua. Aliyesafiri zama hizo aliaga, na waliobaki nyumbani wakakaa kusubiri barua. Anayeondoka leo ana simu mfukoni, na mama yake anategemea kuisikia sauti yake jioni hiyohiyo. Ndiyo maana inaniuma kumwona kijana akimaliza akiba yake kwa simu ya kifahari, kumbe huko anakokwenda haishiki mtandao, au inashika lakini haimpi anachokihitaji.

Ninachosema leo ni hiki: unapoingia dukani, safari yako itangulie bei. Muuzaji akuulize unakwenda wapi kabla hajakuuliza una shilingi ngapi. Asipokuuliza, mwambie mwenyewe.

Tuanze na safari ya jirani kabisa, Mwanza. MV Umoja, meli ya Tanzania inayobeba mabehewa ya reli, ilirejea kwenye njia ya Mwanza na Port Bell mwaka 2018 baada ya miaka mingi ya kimya. Aliyewahi kuvuka ziwa anajua yanayotokea: ukishaiacha Luzira nyuma, vile vistari vya mtandao vinapungua kimoja kimoja hadi vinakwisha. Hapo simu haipumziki. Inahangaika kutafuta mnara, na katika kuhangaika huko inakula betri kuliko ulivyokuwa ukiitumia nchi kavu. Unafika Mwanza simu imezima, na namba ya mwenyeji wako imo humohumo ndani. Dawa yake ni rahisi: iweke kwenye hali ya ndegeni mpaka uione nchi kavu. Na hata ikiwa haina mtandao, simu yenye GPS itakuonyesha ulipo, kwa sababu inapokea mawimbi ya satelaiti, si ya minara. Sharti ni moja, uwe umepakua ramani kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo betri ni jambo la kwanza kuangalia. Simu nyingi za bei ya kati siku hizi zina betri ya mAh 5,000, na baadhi yake hudumu kuliko simu za bei mara tatu. Kamera nzuri ni jambo jema, lakini kamera haitakupeleka kwa mwenyeji wako usiku wa manane.

La pili ni laini mbili. Hapa kwetu si jambo geni. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, inayotengeneza Tecno, Itel na Infinix, ilijijengea soko Afrika kwa simu za laini mbili, kwa sababu ilituona tukitembea na laini za mitandao miwili. Kwa msafiri, nafasi hiyo ya pili ni ya lazima. Laini yako ya Uganda usiitoe. Ndiyo yenye pesa zako, ndiyo ambayo benki inaitumia namba za siri, na ndiyo ambayo WhatsApp inakufahamu nayo. Iache mahali pake, izimie data isije ikala salio lote ukiwa nje, kisha laini ya nchi uliyofika uiweke kwenye nafasi ya pili. Beba pasipoti unapokwenda kuinunua, maana nchi zetu hizi zinasajili kila laini, na Tanzania huchukua na alama za vidole.

Hapa niseme jambo ambalo kizazi kipya hakilijui. Afrika Mashariki iliwahi kuionyesha dunia njia. Septemba 2006, Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, iliunganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania katika mtandao mmoja. Mteja wa Kampala alifika Nairobi au Dar es Salaam akapokea simu bila kukatwa senti, akaongeza salio kwa vocha ya hukohuko. Ulaya walikuwa bado wanalia na gharama hizo. Baadaye serikali zenyewe zikaingia: mwishoni mwa 2014 na kuingia 2015, Kenya, Rwanda na Uganda zilifuta malipo ya kupokea simu ukiwa nchi jirani, Sudan Kusini ikafuata, Tanzania haikuwemo wakati ule. Ulikuwa uamuzi wa maana sana kwa dereva wa lori na mama wa sokoni. Nasikitika kwamba kwenye data, ambayo ndiyo tunayoitumia zaidi sasa, msafiri wetu hajapata unafuu kama ule.

Sasa safari ya mbali, hasa ya Ghuba. Mabinti zetu wengi wanakwenda huko kufanya kazi za majumbani, na kwao simu si pambo. Ni njia ya kutuma pesa, ya kumsikia mtoto, na mambo yakiharibika, ni njia ya kuomba msaada. Lazima ajue tangu hapa kwamba katika Falme za Kiarabu, kupiga simu ya sauti au ya video kwa WhatsApp kumezuiwa. Ujumbe wa maandishi unapita, sauti iliyorekodiwa inapita, lakini mazungumzo ya moja kwa moja hayapiti. Watu wa huko hutumia programu zilizoruhusiwa, kama Botim. Basi mama aliyebaki huku naye awekewe programu hiyo na afundishwe kuitumia binti akiwa bado hajapanda ndege. Wangapi wamelala na wasiwasi, wakidhani mtoto amepatwa na baya, kumbe simu tu haipiti!

Na hapa nina onyo zito. Msisafiri na simu ya mkopo ambayo hamjaimaliza kuilipa. Simu hizi za kulipa kidogokidogo zimewasaidia wengi, sizikatai. Lakini zinafungwa kwa mbali: malipo yakichelewa, kioo kinajifunga. Ukiwa Luzira unatembea hadi kwa wakala. Ukiwa Riyadh, mshahara bado haujatoka na huna pa kulipia, unabaki na kipande cha kioo mkononi. Maliza deni kwanza, hata ikibidi ununue simu ndogo zaidi.

Wanaokwenda Marekani nao wana yao. Mitandao ya huko inatumia masafa tofauti na ya kwetu, na mwaka 2022 kampuni zake kubwa zilizima minara ya kizazi cha tatu. Simu iliyotengenezwa kwa soko la Afrika inaweza kushika mtandao huko kwa kubahatisha tu, au ikafungua intaneti lakini ikagoma kupiga simu ya kawaida. Upande wa pili, ndugu anayekutumia iPhone kutoka Marekani ajue kwamba kuanzia toleo la 14, za soko la kule hazina tundu la kadi; zinatumia eSIM peke yake, laini inayoingizwa kwa programu. Aulize pia kama simu imefungwa kwa mtandao mmoja wa huko. Ikiwa imefungwa, laini ya Kampala haitasoma, hata fundi akuahidi nini.

Chaja isome maandishi yake madogo. Ikiandikwa 100–240V, itafanya kazi London, Muscat na New York. Utahitaji adapta tu pale tundu la ukutani lilipo tofauti na la kwetu. Tangu mwisho wa 2024 simu mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya zinatakiwa kutumia waya wa USB-C, kwa hiyo ukinunua yenye tundu hilo, waya utaupata popote. Pawabenki usiitie kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Beba mkononi, na isizidi wati-saa (Wh) 100.

Mwisho ni simu bandia. Kenya ilizizima Septemba 2012, Tanzania Juni 2016, na waliokuwa nazo waliamka zimekufa mikononi. Ukiwa dukani, kabla noti haijatoka mfukoni, bonyeza *#06#. Simu ya laini mbili itakuletea namba mbili za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, kila moja ya tarakimu 15. Zilinganishe na zile za kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu, bila aibu, hata foleni iwe nyuma yako. Kisha chomeka laini yako mwenyewe, mpigie mtu uone kama mnasikilizana, fungua intaneti, jaribu na tundu la pili. Muuzaji akinuna, duka la jirani liko wazi. Omba risiti yenye namba za IMEI, na nakala yake mwachie mtu nyumbani, kwa sababu simu ikiibwa ugenini, polisi watakuuliza namba hizo kabla ya kukuuliza jambo lingine.