Vibarua ni Nani Kwetu?



Leo hatusemi habari za mshahara. Twasema habari zetu wenyewe. Asubuhi langoni sisi wenye kazi ya mwezi twapita, na vibarua wamesimama kando wakingoja kuchaguliwa. Twawapita bila salamu. Saa ya chakula twakaa mbali nao, na wengine wetu huwaita "wale watu," kana kwamba hawana majina. Aibu hii haikuletwa na tajiri.

Mgomo wa Mombasa ulipoanza tarehe 13 Januari 1947, makuli wa bandarini, wengi wao vibarua wa siku, walisimama pamoja na watu wa reli na watumishi wa nyumbani kwa siku 12. Mahali pao pa mkutano walipaita Kiwanja cha Maskini. Hapakuwa na upande wa vibarua.

Tena sheria iko. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi siku zenye kufuatana hata zikatimia mwezi, ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi. Basi tajiri huwapumzisha siku mbili tatu ili hesabu ikatike, nasi twaona, twanyamaza. Nani atakuwa shahidi wao, ikiwa hata majina hatuwajui?

Jumamosi saa nane tutakutana. Kila mwanachama aje na kibarua mmoja, pamoja na tarehe alizofanya kazi. Karani atayaandika yote.