Kuosha Injini Yenye Grisi

Miongoni mwa ada za gereji zetu ni ile ya fundi kutia petroli koponi, akachovya brashi, akasugua injini hata ing'are. Na kweli hung'aa, wala sikatai, lakini mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa na waweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, hutambaa sakafuni kimya kimya mpaka ukutane na cheche ya mashine ya kuchomelea au sigara ya jirani, moto nao ukarudi koponi kwa njia ile ile. Tena petroli ina benzini, iletayo saratani ya damu, nayo hupenya kwa pumzi na kwa ngozi pia.

Afadhali, basi, dawa ya kuondoa grisi iliyotengenezwa kwa maji. Iacheni injini ipoe, kwani juu ya chuma cha moto dawa hukauka kabla haijafanya kazi. Fungueni waya hasi wa betri, mfunike altaneta na tundu la hewa kwa plastiki. Nyunyizieni, msubiri muda ulioandikwa koponi, aghalabu dakika chache tu, kisha msugue kwa brashi na kusuuza kwa maji yasiyo na kani. Glavu na miwani si anasa: nyingi za dawa hizi zina alkali kali iunguzayo macho. Maji yale meusi nayo yakingwe karaini, yasiingie katika mtaro, ambao kwetu watu wa pwani huishia baharini.