Mwanga kwa Ajili ya Mwenye Kwenda kwa Miguu

(Maneno ya hotuba kwa wakazi wa Fedha, Nairobi)



Mji wetu wa Nairobi uko karibu sana na mstari wa Ikweta. Kwa hiyo jua hutua yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, nalo halitokezi tena mpaka saa kama hiyo asubuhi. Watu wa Ulaya wana majira yenye jioni ndefu, sisi hatuna. Mfanyakazi atokaye viwandani, binti arudiye kutoka chuoni, mama afungaye kibanda chake cha mboga, na yule anayeondoka alfajiri kuwahi basi, wote hao hutembea gizani katika kila mwezi wa mwaka. Basi taa za njiani si pambo la mji, bali ni haja ya kila siku.

Hapana budi tujiulize kwanza: taa hii imewekwa kwa ajili ya nani? Taa za barabara kuu, kama ile ya Outer Ring ipitayo karibu nasi, ambayo ilipanuliwa katika miaka ya 2010, hutengenezwa zaidi kwa faida ya dereva. Mikono yake huelekea katikati ya barabara. Mwenye kwenda kwa miguu pembeni hupata masazo tu, naye akikunja kuingia mtaani huachwa na giza.

Dereva anataka kuona lami. Mwenda kwa miguu anataka mambo mawili: kuona mahali pa kukanyaga, asije akatumbukia mtaroni, na kuona uso wa mtu anayemjia. Mafundi wa taa hulipima jambo hili la pili kwa umbali. Uso wa mtu uonekane vema angalau mita 4 mbele, na afadhali mita 10, ili mwenye shaka apate nafasi ya kugeuka au kuita.

Wengine watasema, "Tuletewe Mulika Mwizi, yatosha." Jina hilo wananchi waliipa milingoti mirefu, ya kadiri ya mita 30, iliyoanza kusimamishwa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi katika miaka ya 2000. Milingoti hiyo imefanya kazi njema, hasa mahali palipo wazi na penye nyumba fupi, na watu wengi wamepata kuuza bidhaa zao hata usiku. Lakini mahali penye magorofa mambo hubadilika. Taa moja iliyo mbali na juu sana hutupa kivuli kirefu nyuma ya kila jengo, na ndani ya kivuli hicho ndimo zimo njia zetu nyembamba.

Tena liko jambo la hesabu. Taa ikipandishwa kutoka mita 6 hadi mita 12, mwanga ufikao chini yake hubaki robo tu. Ikipandishwa hadi mita 30, hubaki sehemu moja katika 25. Ndiyo sababu taa za mlingoti hutaka nguvu nyingi mno.

Wamarekani wamekwisha kuyaona hayo. Mwaka 1894 mji wa Austin, katika Texas, ulinunua minara 31 ya taa, kila mmoja wenye urefu wa mita 50 hivi. Michache imehifadhiwa kama kumbukumbu, lakini miji mingi iliyokuwa na minara ya namna hiyo iliiacha, ikafuata nguzo fupi zilizopangwa njiani.

Kwa njia ya miguu, nguzo ya mita 4 au 5 yatosha, na nafasi baina ya nguzo na nguzo iwe mara tatu au nne ya urefu wake. Taa nyingi ndogo zilizosambazwa sawasawa ni bora kuliko moja kali, maana jicho litokalo penye mwanga mkali halioni kitu mara liingiapo gizani. Taa ifunikwe juu na ielekee chini. Rangi ya mwanga iwe ya kimanjano kidogo, isiyosumbua aliyelala, lakini isiwe ile ya machungwa ya taa za zamani, ambayo hupoteza rangi za nguo, hata shahidi asiweze kusema mtu alivaa nini.

Jambo jingine limo mikononi mwetu wenyewe. Wenye nyumba wengi hutundika taa kali juu ya lango, zikitazama njiani. Nia ni njema, ila taa hiyo humtia mpita njia kiwi cha macho, na mwovu aliyesimama kando ya lango haonekani kabisa. Taa hiyo hiyo ikiinamishwa ielekee ardhini, humfaa mwenye nyumba na mpita njia pia. Gharama yake ni ngazi na bisibisi. Kadhalika, matawi yanayofunika taa yakatwe, na vumbi lifutwe.

Mwaka 2015 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitoa sera yake juu ya usafiri wa miguu na baiskeli. Kwa hiyo mwananchi anayedai njia salama haombi fadhila. Lakini madai yasiyo na maelezo husahauliwa upesi. Kamati ya kila sehemu ya mtaa na itembee usiku mmoja, wanawake na vijana wakiwamo, kutoka kituo cha basi hadi mlango wa mwisho. Iandike kila mahali ambapo uso hautambulikani kwa mita 4, kila taa iliyokufa, na kila lango linalotia kiwi. Orodha hiyo ipelekwe kwa mwakilishi wa wadi, na nakala yake ibaki kwa kamati, ili baada ya miezi mitatu ijulikane ni taa ngapi zimewaka.