Kompyuta Iliyofungiwa Haifundishi

(Hotuba ya idara yetu ya elimu kwa kamati za parokia na wafadhili, Marui)



Tumeombwa kueleza jinsi ujuzi wa kompyuta na intaneti unavyogusa masomo na kazi za vijana wetu. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Kijana mmoja wa hapa alimaliza kidato cha sita akafaulu. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu hufanywa kwa mtandao, naye hakuwahi kushika kompyuta. Alipanda bodaboda hadi Mlandizi, akamlipa mtu wa steshenari amjazie fomu. Jina la baba liliandikwa tofauti na lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na barua pepe ikawekwa ya duka. Taarifa ya kumtaka arekebishe ilitumwa huko, wala hakuna aliyemwambia. Muda wa marekebisho ukapita. Alikaa nyumbani mwaka mzima akichoma mkaa na baba yake.

Wakati huo kompyuta sita mlizotuletea zilikuwa kwenye chumba cha parokia, zimefunikwa vitambaa, mlango una kufuli. Tuliogopa zisiharibike. Nyumba ya kijana huyo haiko mbali na mlango ule.

Vifaa peke yake havitoshi

Nchi yetu ilichelewa kuingia katika mambo haya. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta, na Sera ya Taifa ya TEHAMA ilipatikana mwaka 2003. Kwa sababu hiyo tumezoea kudhani kwamba tatizo ni uhaba wa mashine tu. Lakini Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za vijijini, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 ikaonyesha kwamba watoto walizoea kuzitumia, ila hawakupanda katika hisabati wala lugha. Mashine ilifika, lakini mafundisho ya kuitumia kwa masomo hayakuandamana nayo.

Shuleni

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tuliona tofauti. Mwanafunzi aliyejua kutafuta aliendelea kusoma kwa simu ya mzazi. Mwenzake mwenye simu kama hiyo aliishia kwenye picha na vichekesho. Leo Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao, na mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani hupatikana pia. Kwa shule yenye vitabu vichache, hiyo ni hazina. Ila lazima mtoto ajue kuipata, kuisoma kwa makini, na kutofautisha habari ya kweli na uzushi. Anayenakili tu hasongi mbele.

Kazini

Anayeomba kazi Serikalini hujisajili kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na kupakia vyeti vyake humo. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baadaye vishikwambi hivyo vikapelekwa kwa walimu. Muuguzi wa zahanati na mtendaji wa kijiji nao huandika taarifa zao kwenye mifumo. Hata mkulima wa korosho asiyetafuta ajira anahitaji kusoma vizuri ujumbe wa benki, na kumtambua tapeli anayeandika, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Asiyejua hukabidhi namba yake ya siri kwa mtu mwingine, na pamoja nayo hukabidhi riziki yake.

Tulichobadilisha

Sasa chumba hufunguliwa siku tatu kwa wiki, mchana. Hatuanzi na majina ya sehemu za kompyuta. Tunaanza na shughuli aliyokuja nayo mtu: kufungua barua pepe yake mwenyewe, kulinganisha majina ya vyeti vyake, kuandika barua, kupakua mtihani wa zamani. Asiye na kompyuta anajifunza kwa simu. Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wana saa yao.

Kwa kamati za parokia, tunaomba funguo za vyumba zikabidhiwe mtu anayepatikana, na wasichana wapewe nafasi sawa na wavulana. Kwa wafadhili, tunaomba msihesabu mashine tu. Mwalimu, umeme na vocha za intaneti ndivyo vinavyokwama kwanza. Tuulizeni pia ni wangapi wanaoweza kujaza fomu bila msaada wetu.

Hapa jirani, Kibaha, tuna mfano mzuri. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianzisha pamoja nasi mradi uliojumuisha shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa Serikali, na Shirika la Elimu Kibaha linaendelea hadi leo. Msaada ule uliambatana na watu wa kufundisha, na wenyeji waliandaliwa kuupokea.

Yule kijana alirudi mwaka uliofuata. Alijaza fomu mwenyewe katika chumba kile kile, akasoma kila mstari mara mbili, na sasa yuko chuoni. Tunamshukuru Mungu. Lakini mwaka alioupoteza hatuwezi kumrudishia. Tusimpotezee mwingine.