Adapta na Foleni za Ujumbe: Kuunganisha Mifumo ya Kampuni za Maji Kitui na Makueni

1. Utangulizi

Kampuni ya maji, iwe KITWASCO mjini Kitui, KIMWASCO upande wa Mwingi au WOWASCO mjini Wote, hupokea habari kutoka nje mchana na usiku, na malipo ya wateja ndiyo ya kwanza. Habari hizo hutoka katika mifumo isiyo mali ya kampuni, wala haziisubiri seva ya ofisi iwe tayari. Hoja yangu ni moja: mfumo wa ofisi usiunganishwe moja kwa moja na mifumo ya nje. Kati ya pande hizo mbili pawe na foleni inayotunza ujumbe, na adapta inayoutoa humo na kuuingiza ofisini bila kuupoteza wala kuuhesabu mara mbili.

2. Funzo la Kyuso

Mfano tunao hapa nyumbani. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanyia majaribio pampu za mkono za Kyuso, Kaunti ya Kitui, kwa kufunga kifaa kidogo ndani ya mpini. Kifaa kilihesabu mpini unavyopanda na kushuka, ili maji yaliyotekwa yakadiriwe, kikatuma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu. Pampu iliponyamaza, fundi alijua. Muda wa kungoja matengenezo, uliokuwa wastani wa siku 27, ulishuka hadi chini ya siku 3. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa huduma ya FundiFix huko Kitui na Kwale.

Tuitazame njia ya ujumbe ule. Ujumbe mfupi haumfikii mpokeaji moja kwa moja. Kituo cha kampuni ya simu huupokea, huuhifadhi, na kuutuma tena mpokeaji anapopatikana. Hiyo ni foleni. Wahandisi walifuata fikra ya karibu na hiyo mwaka 1999 walipobuni itifaki ya MQTT kwa vituo vya mbali vya mabomba ya mafuta vilivyotegemea setilaiti. Foleni hufanya kazi ya bwawa la mchanga: hupokea mafuriko ya siku chache na kuyatoa kidogo kidogo.

3. Kazi nne za adapta

Tuseme mteja wa Wote analipa shilingi 850 kwa M-Pesa, kupitia nambari ya Paybill ya kampuni. Safaricom, kupitia Daraja, jukwaa lake la kuunganisha programu za nje na M-Pesa, hutuma taarifa kwenye anwani iliyosajiliwa na kampuni. Programu inayoipokea ifanye jambo moja tu: iiweke kwenye foleni, kwa mfano ya programu ya RabbitMQ, kisha ijibu papo hapo. Yaliyobaki ni ya adapta.

Kwanza, kubadili umbo. Saa ya muamala huja kama tarakimu 14 mfululizo, mwaka ukitangulia na sekunde zikimalizia. Programu ya ankara huenda inataka siku, mwezi na mwaka. Nambari ya akaunti huandikwa na mteja mwenyewe: kuna anayeacha nafasi katikati, na kuna anayeandika herufi O badala ya sifuri.

Pili, kuthibitisha kwa wakati wake, yaani kuiambia foleni kwamba ujumbe umeshughulikiwa na unaweza kuondolewa. Ujumbe usiondolewe kwenye foleni kabla hifadhidata haijaandika malipo. Adapta ikiwahi kuthibitisha na umeme ukakatika, pesa za mteja zimeshapokelewa lakini deni lake liko palepale, naye anakatiwa maji bila kosa.

Tatu, kuzuia marudio. Malipo yanaweza kuandikwa, umeme ukakatika kabla ya uthibitisho. Hapo foleni italeta ujumbe uleule tena. Kila muamala wa M-Pesa una msimbo wake wa herufi na tarakimu. Hifadhidata ikikataa msimbo iliokwisha kuuandika, marudio hayana madhara.

Nne, kutenga kilichokwama. Malipo yenye akaunti isiyojulikana yapelekwe kwenye foleni ya pembeni, ambako karani wa hesabu atayapitia kila siku. Yasitupwe, wala yasizuie yanayofuata.

4. Mapendekezo

(a) Tuanze na malipo peke yake. Taarifa za mita na za malalamiko zifuate baada ya njia hiyo kutulia.

(b) Foleni na ujumbe wenyewe vihifadhiwe kwenye diski, katika mashine tofauti na seva ya ankara. Ujumbe uliokaa kwenye kumbukumbu ya muda hupotea mashine ikizimika.

(c) Kila jioni, jumla ya malipo yaliyoingia ilinganishwe na taarifa ya Paybill. Foleni haiwezi kutunza ujumbe usioifikia.

(d) Mkataba na mwenye kutengeneza programu utaje jaribio hili: seva ya ankara izimwe kwa saa mbili huku malipo ya majaribio yakiendelea, kisha iwashwe. Kila shilingi ionekane mara moja tu, kwenye akaunti sahihi. Mfumo usioweza hivyo usipokelewe, kwa sababu gharama ya upungufu wake itamwangukia mteja aliyekwisha kulipa.